Je, mihadhara ya chuo kikuu kuhusu mazingira na usanifu inamfaa fundi wa ujenzi?

Swali: Mimi ni fundi mkuu wa ujenzi hapa Tororo, na kazi zangu nyingi ni shule na nyumba za kupangisha. Kwa muda sasa nimekuwa nikisafiri hadi Kampala kusikiliza mihadhara ya wazi ya chuo kikuu kuhusu uendelevu, mazingira na usanifu. Huko nasikia habari za kaboni, vioo vya tabaka mbili na majengo yanayojiendesha kwa kompyuta, kisha narudi kwa mteja anayetaka tofali la kuchoma, mabati, na kazi iishe kabla ya mvua. Sasa bodi ya shule moja ya msingi imenipa kazi ya kujenga madarasa matatu. Mwalimu, je, mihadhara hii ina faida kwa mtu kama mimi, au ni ya wasomi peke yao? Na kama ina faida, niisikilizeje?

Jibu: Ndugu yangu fundi, mihadhara hiyo ni yako sawasawa na ilivyo ya mwanafunzi anayeketi mstari wa mbele akiwa na daftari, na katika hilo historia inakuunga mkono. Makerere, chuo kikuu kikongwe kuliko vyote Afrika Mashariki, kilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, na masomo yao yalikuwa useremala, ujenzi na umakanika. Uhusiano na Chuo Kikuu cha London ulikuja mwaka 1949, na hadhi ya kuwa chuo kikuu cha taifa kinachojitegemea ikaja mwaka 1970. Waashi na maseremala walikuwa chuoni kabla ya madaktari na wanasheria, kwa hiyo ukiingia ukumbini na vumbi la saruji kwenye viatu usijihisi mgeni.

Hata hivyo, lalamiko lako ni la haki, nami kama mmoja wa wanaoandaa mihadhara ya namna hii sina sababu ya kulipunguza uzito. Wahadhiri wengi tumesoma kwa mifano ya nchi za baridi, na tunapopanda jukwaani tunaileta kama ilivyo, bila kumweleza msikilizaji kwamba tatizo lililozaa suluhisho lile halipo hapa kwetu, au lipo kwa sura nyingine kabisa. Ndiyo maana nakushauri usikilize kila mhadhara ukiwa na swali moja kichwani: katika jengo la namna hii, mahali hapa, mzigo mkubwa kwa mazingira na kwa mfuko wa mwenye jengo unaangukia wapi? Ukishika swali hilo utajua la kuchukua na la kuacha, hata mhadhiri asipokueleza.

Hebu tulijaribu swali hilo kwa kile kioo cha tabaka mbili. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira limekadiria kwamba majengo na ujenzi wake vinachangia takriban asilimia 37 ya hewa ya ukaa inayotokana na matumizi ya nishati na michakato ya viwandani duniani. Sehemu kubwa ya kiasi hicho hutokana na kuendesha majengo, yaani kupasha vyumba joto wakati wa baridi, kuvipoza wakati wa joto na kuwasha taa, na sehemu iliyobaki hutokana na kutengeneza saruji, chuma, vioo na matofali. Katika mji ambao maji huganda barabarani, kioo cha tabaka mbili huokoa mafuta mengi ya kupasha nyumba. Tororo iko karibu na mstari wa ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, na darasa la shule ya msingi halina hita wala kiyoyozi. Umeme wenyewe, pale unapofika, hutoka kwa sehemu kubwa kwenye mabwawa ya Mto Naili: Nalubaale pale Jinja tangu mwaka 1954, Bujagali tangu 2012, Isimba tangu 2019, na sasa Karuma yenye uwezo wa megawati 600. Kuendesha darasa lako kutaigharimu dunia kiasi kidogo mno. Mzigo wako umo ndani ya ukuta, juu ya paa na katika kiwanja, na karibu wote unabebwa kabla mtoto wa kwanza hajaketi.

Kwa hiyo nianze na ukuta, maana hapo ndipo fundi ana mamlaka makubwa kuliko mtu mwingine yeyote, mbunifu akiwemo.

Takwimu za serikali zilionyesha kwamba misitu ilifunika asilimia 24 ya ardhi ya Uganda mwaka 1990, na kufikia mwaka 2015 ilikuwa imebaki asilimia 9. Ardhi oevu nayo ilikuwa asilimia 15.6 mwaka 1994. Kufikia mwaka 2019 ilikuwa imeshuka hadi asilimia 13, na katika hiyo ni asilimia 8.9 tu iliyobaki bila kuharibiwa. Kilimo na mkaa vinabeba lawama kubwa zaidi, lakini tofali la kuchoma linakula pande zote mbili, kwa kuwa udongo wake huchimbwa mabondeni na kuni zake hukatwa milimani. Wewe unalijua tanuri la kienyeji kuliko mimi: matofali yenyewe hupangwa yakawa kuta za tanuri, njia za kuni zikaachwa chini, na nje likapakwa tope. Moto hauwezi kugawanyika sawasawa ndani ya rundo kama hilo. Matofali yaliyo karibu na njia za moto huyeyuka na kupinda, ya katikati huiva vizuri, na ya pembeni hutoka yakiwa mekundu kwa nje na mabichi kwa ndani. Kuni zimeteketea kwa ajili ya rundo zima, ilhali fungu moja tu ndilo linalostahili kubeba paa.

Kuna hasara nyingine ambayo mihadhara huitaja mara chache, nayo ni mota, ule mchanganyiko wa saruji na mchanga unaounganisha matofali. Chukua rula uende kwenye ukuta wowote wa tofali la kuchoma ambao haujapigwa lipu, kisha upime viungo. Kwa kuwa matofali hayalingani urefu wala unene, mwashi hulazimika kusawazisha kwa mota, na mara nyingi utakuta kiungo cha milimita 25 mahali ambapo tofali lililonyooka lingehitaji milimita 10. Hiyo ni mota mara mbili na nusu kwa kila mstari, na baadaye lipu nene ya kuficha mabonde ya ukuta. Saruji hiyo hununuliwa kwa fedha, tena viwanda vya saruji duniani vinatoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Mteja anayesema tofali la kuchoma ni rahisi huwa amehesabu bei ya tofali peke yake. Mwonyeshe bei ya ukuta uliokamilika, mota na lipu zikiwemo, na mazungumzo yatabadilika.

Njia nyingine ni tofali la udongo na saruji kidogo linaloshindiliwa kwa mashine ya mkono, lile ambalo mafundi huliita tofali la kufungamana kwa sababu lina ulimi na mfuo wa kuingiliana na mwenzake. Halichomwi, hutumia udongo wa hapo hapo kiwanjani, na hupangwa kwa mota kidogo sana. Hapa Uganda mhandisi Moses Musaazi wa Makerere alilifanyia kazi tofali hili kwa miaka mingi, pamoja na lile lililopinda linalotumika kujenga matangi ya maji. Mashaka uliyoyasikia juu yake, kwamba linamomonyoka na kupasuka, si uzushi. Tofali hilo huharibika likitengenezwa kwa udongo usiopimwa, au likikaushwa juani kwa haraka, na yote mawili yamo mikononi mwa fundi.

Kupima udongo hakuhitaji maabara ili kuanza. Chimba hadi upite tabaka jeusi la juu lenye mizizi, na tabaka hilo uliweke kando kwa ajili ya bustani ya shule, maana halifai kwa tofali hata kidogo. Chukua udongo wa chini, ujaze theluthi moja ya chupa inayoonyesha ndani, tia maji na chumvi kidogo, tikisa sana, kisha uiache mahali patulivu. Mchanga utatua chini ndani ya dakika moja au mbili, vumbi laini litafuata kwa saa kadhaa, na mfinyanzi utakuwa wa mwisho kutulia. Unachotafuta ni udongo wenye mchanga mwingi na mfinyanzi wa kiasi, wa kushikamanisha tu. Halafu tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 4 na kina cha sentimita 4, ukipake mafuta kwa ndani, ukijaze udongo uliolowa na kushindiliwa, na ukiache juani siku tatu. Udongo ukikauka utajikunyata. Usukume wote upande mmoja na upime pengo lililobaki: pengo likiwa chini ya milimita 15, kipimo kimoja cha saruji kwa vipimo 18 vya udongo kinatosha, likikaribia milimita 60, utahitaji kipimo kimoja kwa 12, likizidi hapo, tafuta udongo mwingine au uongeze mchanga. Udongo mweusi unaopasuka nyufa pana wakati wa kiangazi usiujaribu kabisa.

Wakati wa kufyatua, kiasi cha maji hupimwa kwa kiganja. Finyanga donge, liinue hadi usawa wa kifua, uliachie lianguke kwenye ardhi ngumu. Likivunjika vipande vinne au vitano, maji yanatosha. Likisambaratika kama unga, ongeza. Likibonyea bila kupasuka, umezidisha. Baada ya hapo tofali lifunikwe na kumwagiliwa kwa siku saba au zaidi kivulini, na lisipandishwe ukutani kabla ya siku 28. Siku hizo 28 ndizo zinazowashinda wengi, kwa sababu mkataba huandikwa kana kwamba saruji hukomaa kwa amri ya bodi. Ziandike kwenye ratiba tangu mwanzo.

Sisemi kwamba tofali la kuchoma liwe marufuku. Ukikosa udongo unaofaa, au ukikosa mashine, jenga kwa tofali la kuchoma, lakini lichague moja moja, lipige mawili yakigongana usikie mlio mkavu, na umlipe mwashi wako kwa ukuta ulionyooka badala ya wingi wa matofali aliyopanga kwa siku. Muulize pia mchomaji kama anaweza kupunguza kuni kwa kutumia maganda ya mpunga, ambayo upande wa mashamba ya mpunga ya Doho huko Butaleja hayakosekani.

Paa na jua vina hesabu yake, nayo ni nzuri kwetu kuliko kwa karibu watu wote wa dunia. Kwa kuwa Tororo iko chini ya nyuzi moja kaskazini ya ikweta, jua la adhuhuri hupita karibu na utosi mwezi Machi na Septemba, huelekea kaskazini kwa takriban nyuzi 23 mwezi Juni, na kusini kwa takriban nyuzi 24 mwezi Desemba. Maana yake kwa fundi ni kwamba kuta zinazotazama kaskazini na kusini hukingwa na upenu mfupi tu: upenu wa sentimita 90 hutia kivuli karibu mita mbili za ukuta wakati wa adhuhuri, hata katika mwezi ulio mbaya zaidi. Kuta za mashariki na magharibi hazina bahati hiyo, kwa sababu asubuhi na jioni jua huwa chini na hupenya chini ya upenu wowote. Laza jengo lako kwa urefu wake kutoka mashariki hadi magharibi, madirisha yakae kaskazini na kusini yakitazamana ili upepo upite, na kuta fupi za mwisho ziachwe bila madirisha makubwa. Uamuzi huo hauongezi hata shilingi moja. Unafanywa siku ya kupima msingi kwa kamba na vigingi, na ukikosewa siku hiyo, watoto wataketi na jua machoni kwa muda wote wa maisha ya jengo.

Ukifika Kampala, pita Makumbusho ya Uganda pale Kitante kabla ya kwenda kwenye mhadhara. Jengo lile lilisanifiwa na mbunifu Mjerumani Ernst May na kufunguliwa mwaka 1954, nalo lilikusudiwa lipate mwanga na hewa bila mitambo. Simama ndani, tazama mwanga unaingilia wapi, weka mkono mahali hewa inapopita. Saa moja ya kutazama jengo zuri lililokaa zaidi ya miaka 70 inafundisha mambo ambayo picha za ukutani haziwezi.

Bati nalo ni la kuvumiliwa, kwa kuwa ni jepesi, linadumu na linakusanya maji safi, ila bati tupu bila dari hugeuza darasa kuwa jiko saa nane mchana, na mvua ikinyesha mwalimu hunyamaza kwa sababu hasikiki. Chagua bati la rangi ya kung'aa, weka dari hata kama ni ya mikeka ya mafunjo, na uache nafasi za hewa kwenye kuta za pembe tatu juu ya dari ili joto litoke. Mafunjo hushika moto, kwa hiyo nyaya za umeme zipite ndani ya mabomba na mbali na mikeka.

Kwa mji wako lazima niongeze radi, jambo ambalo silisikii katika mihadhara ya uendelevu ingawa ni la mazingira na la usanifu kwa pamoja. Vitabu vya hali ya hewa vimeitaja Tororo kwa miaka mingi miongoni mwa mahali penye ngurumo nyingi zaidi duniani. Mwezi Juni 2011 radi iliipiga Shule ya Msingi ya Runyanya wilayani Kiryandongo, ikaua wanafunzi 18 na mwalimu wao. Darasa lenye mabati bila kinga ya radi na bila waya wa kutosha kwenda ardhini halijakamilika, hata kama kuta zake ni za udongo mzuri namna gani. Gharama ya kinga hiyo iwemo kwenye makadirio ya kwanza, isimamiwe na fundi umeme mwenye sifa, na usiruhusu bodi iifute ili kununua rangi.

Kuhusu maji nitasema kwa kifupi kwa sababu hesabu yenyewe ni fupi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la madarasa yako matatu likiwa na urefu wa mita 26 na upana wa mita 9, mvua moja kubwa ya milimita 30 itamwaga juu yake zaidi ya lita 7,000. Ukitoa moja ya tano kwa yanayomwagika na yale ya mwanzo yanayosafisha vumbi, unabaki na lita 5,600. Maji hayo yasipoingia tangini yatachimba msingi wako na kutiririka kwenye shamba la jirani. Msingi wenyewe uinue kwa mawe juu ya usawa wa ardhi, maana matone yanayoruka kutoka chini hula ukuta wa udongo kuliko yale yanayotoka mbinguni. Kiwanja kikiwa kinashuka kuelekea mabonde ya mto Malaba au Mpologoma, uliza mapema kwa ofisa mazingira wa wilaya mpaka wa ardhi oevu uko wapi, kwa kuwa Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 haimtambui mtu aliyejenga kwanza na kuuliza baadaye.

Sasa nirudi ukumbini. Utaonyeshwa majengo mazuri kutoka kwingine, na mengine kweli yanastahili sifa. Mara nyingi utaona shule ya msingi ya Gando huko Burkina Faso, iliyosanifiwa na Francis Kéré mzaliwa wa kijiji hicho hicho, ikakamilika mwaka 2001 na kupata tuzo ya usanifu ya Aga Khan mwaka 2004. Kéré mwenyewe alitunukiwa Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo duniani, mwaka 2022. Kuta zake ni za matofali ya udongo na saruji yaliyoshindiliwa, na paa lake la bati limeinuliwa juu ya dari ya matofali ili upepo upite katikati na kuondoa joto. Ni kazi ninayoiheshimu sana. Lakini Gando iko katika nchi kavu, ambako adui mkubwa ni joto. Ukiliinua paa kwa namna ile ile Tororo bila kurefusha upenu, mvua ya upepo ya mwezi Aprili itaingia chini yake na kulowesha dari na kuta. Unachoweza kuchukua kutoka Gando ni wazo la kutenga bati na chumba, pamoja na namna wanakijiji walivyoshiriki kujenga. Vipimo vya paa utavitafuta hapa kwetu.

Karibu zaidi kuna hospitali ya upasuaji wa watoto ya Entebbe, iliyosanifiwa na ofisi ya mbunifu Mwitaliano Renzo Piano kwa ajili ya shirika la tiba la Emergency na kufunguliwa mwaka 2021. Kuta zake nene ni za udongo wa hapo hapo ulioshindiliwa, na paa limebeba paneli za sola. Jengo hilo limewafunga midomo waliokuwa wakisema udongo ni wa maskini. Wakati huo huo, lilijengwa kwa usimamizi, vipimo na fedha ambazo shule ya msingi ya Tororo haitazipata, kwa hiyo uliza lipi lilitokana na fedha na lipi lilitokana na maarifa. Maarifa unaweza kwenda nayo nyumbani.

Muda wa maswali ukifika, simama. Mwombe mhadhiri aonyeshe mchoro wa mkato wa jengo, yaani jengo likichorwa kana kwamba limepasuliwa kutoka juu hadi chini, kwa maana picha huonyesha uso tu, na mkato huonyesha maji yanapita wapi na joto linatokea wapi. Muulize mvua ya mahali pale ni kiasi gani, udongo ulitoka umbali gani, gharama ya mita moja ya mraba ilikuwa kiasi gani usafiri ukiwemo, na ni nani analitengeneza jengo sasa likiharibika. Swali hilo la mwisho lina nguvu kuliko yote. Ripoti ya Tume ya Brundtland, tume ya Umoja wa Mataifa ya mazingira na maendeleo, ya mwaka 1987, ambayo karibu kila mhadhara huianzia, ilieleza maendeleo endelevu kuwa ni yale yanayotimiza mahitaji ya sasa bila kuwanyima vizazi vijavyo uwezo wa kutimiza yao. Jengo lisiloweza kutengenezwa na fundi wa wilaya halitafika kwenye kizazi kijacho, hata likiwa na paneli za sola kila upande. Usiogope kuuliza kwa Kiswahili. Baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nchi mwaka 2022, na katika maeneo mengi ya ujenzi ya mashariki, kuanzia Malaba hadi Jinja, ndicho kinachounganisha vibarua, madereva na mafundi kutoka pande mbalimbali.

Nasi wa vyuo tuna wajibu upande wetu. Mhadhara wa saa nane mchana siku ya Jumatano unawafungia nje wote wanaolipwa kwa siku, na mhadhara unaoishia ukumbini bila kwenda kiwanjani unawanyima wanafunzi wenyewe. Ningependa kuona nusu ya mihadhara hii ikifanyika Jumamosi, mingine ikihamia Tororo, Mbale na Soroti, na kila mmoja ukiwa na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili wenye michoro na vipimo. Makerere, Kyambogo na Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs vyote hufundisha ujenzi au usanifu majengo, na vina walimu ambao wangefurahi kupata kiwanja halisi cha kufundishia. Madarasa yako matatu yangeweza kuwa kiwanja hicho.

Ndiyo sababu nakushauri uiandikie barua idara mojawapo, mwalimu mkuu wa shule akiwa ametia sahihi, mkiomba wanafunzi wa mwaka wa mwisho waje kupima udongo pamoja na vijana wako na kuchora jengo kwa vipimo nilivyovitaja. Ukiwa na matokeo yao mkononi utaweza kuipa bodi hesabu mbili za ukuta uliokamilika, wa kuchoma na wa kufungamana, waamue wakiona. Panga ufyatuaji uangukie Desemba na Januari, matofali yakomae Februari, na kenchi za paa ziwe zimepanda kabla mvua za Machi hazijaanza. Na kabla ya barua kuondoka, chimba mashimo matatu sehemu tofauti za kiwanja, utie udongo wa kila shimo kwenye mfuko wake, na uandike juu ya kila mfuko kina ulichofikia na mahali ulipochimba, kwa sababu hilo ndilo jambo la kwanza watakalokuuliza.